Kifua na Kitanda

Dada yangu aligundua ana mimba siku ya Jumanne. Jumapili ya wiki iliyofuata akajifungua. Siku kumi na mbili tu. Hedhi yake imekuwa ikija na kupotea tangu tukiwa shule, tumbo halikutoka, na kichefuchefu alikilaumu chakula cha kibandani karibu na kazini. Mtoto alizaliwa na miezi saba, kilo moja na gramu mia nne, kabla hatujanunua hata beseni.

Wodini, kitu cha kwanza shangazi alichouliza ni, "Kwani wewe hukujua?" Hakuwa na nia mbaya. Lakini nilimwona dada akigeukia ukuta, na swali hilo nikarudi nalo nyumbani.

Ukweli ni kwamba kujua mapema ni jambo la juzi juzi. Kwa karne nyingi, mwanamke alipata hakika pale mtoto alipoanza kucheza tumboni, mara nyingi mwezi wa nne au wa tano. Kabla ya hapo ilikuwa kukisia. Miaka ya 1930, utafiti ulioanzia Cape Town kwa Mwingereza Lancelot Hogben ulizaa kipimo cha ajabu: chura wa kike wa Afrika Kusini akidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito, hutaga mayai ndani ya siku moja hivi. Ndiyo, maabara za ng'ambo zilikuwa zinafuga vyura wetu ili kujua nani ana mimba. Vipimo vya kujipima nyumbani vilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyanya zetu waliwazaa mama zetu bila kuvijua. Na hata leo, kipimo humjibu anayeuliza. Asiyeona dalili atauliza nini?

Hiyo ndiyo aibu ya kwanza. Ya pili ilikuwa yangu mimi.

Mashine za joto zilikuwa zimejaa. Nesi akamwambia dada, "Mama, fungua blauzi." Akamchukua mtoto, amevaa kofia na nepi pekee, akamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha akawafunga pamoja kwa leso. Mimi nikakasirika. Nikajiambia, hapa umaskini unafunikwa kwa leso. Watu wenye pesa wana mashine, sisi tuna kifua.

Nikaanza kusoma. Mashine yenyewe, kumbe, ilitoka kwa kuku. Karibu mwaka 1880, daktari Stéphane Tarnier wa Paris aliona vifaa vya kuangulia vifaranga, akaagiza kitu kama hicho kwa ajili ya watoto njiti. Hospitali nyingi hazikujali. Huko Marekani, Martin Couney aliwaweka watoto hao ndani ya mashine kwenye uwanja wa burudani wa Coney Island, tangu 1903 hadi 1943. Watu walilipa kiingilio kuwatazama, na pesa hizo ndizo zilizogharamia matunzo. Wazazi hawakulipa kitu.

Halafu mwaka 1978, mjini Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na tatizo ambalo sisi tunalijua vizuri: watoto wengi, mashine chache, maambukizi yakisambaa kwa sababu ya msongamano. Akawapa mama watoto wao, wawabebe kifuani usiku na mchana, kama kangaruu. Kwa hivyo hasira yangu ilikuwa na ukweli ndani yake. Jambo hili lilizaliwa na uhaba.

Lakini halikubaki hapo. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto waliozaliwa na kati ya gramu 1,000 na 1,799. Kundi moja liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa; lingine lilingoja kwanza hali itulie, jinsi ilivyokuwa desturi. Katika siku 28 za kwanza, walikufa asilimia 12.0 ya kundi la kifuani, na asilimia 15.7 ya lile lingine. Utafiti ulisimamishwa mapema, maana haikuwa haki kuendelea kuwangojesha wengine. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake.

Sasa, tusidanganyane. Kifua si oksijeni, wala si dawa. Katika utafiti ule, watoto walikuwa na vyote hivyo, na mama walipewa vitanda ndani ya wodi ya watoto wachanga. Hapo ndipo hasira yangu ilipopata mahali pake. Leso haikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba dada yangu, aliyezaa juzi, alikaa kwenye kiti cha plastiki siku nne, kwa sababu hakuna aliyehesabu mama kama sehemu ya matibabu.

Siku ya nne miguu yake ilikuwa imevimba. Nesi akasema mtu mwingine wa familia anaweza kumbeba mtoto, ili mama alale. Shangazi akanawa mikono, akafungua vifungo vya blauzi, akakaa kwenye kile kiti. Saa tatu hakusema neno. Lile swali hajaliuliza tena.