Gari Linalolala Ndani

Kuna picha moja ya mwaka 1912 ambayo huwa naiangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mwanamke wa Kimarekani, katika gauni refu la enzi zile, amesimama ndani ya gereji. Kando yake kuna gari aina ya Columbia, lenye umbo la kigari cha farasi kilichompoteza farasi wake. Karibu naye kuna mtambo wenye swichi na vipimo. Anachaji gari lake, nyumbani kwake, miaka miwili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Huwa nawaonyesha picha hii marafiki zangu wanaodhani gari la umeme limezaliwa juzi. Mwanzoni mwa karne ya 20, karibu theluthi moja ya magari yaliyotengenezwa Marekani yalikuwa ya umeme. Yaliyobaki yaligawana mvuke na petroli, na petroli haikuwa na heshima kubwa. Gari la petroli lilinuka, lilipiga kelele, na lilitaka kuzungushwa hendeli kabla ya kuwaka. Hendeli hiyo ikirudi nyuma ghafla, ilivunja mkono. La umeme ulipanda, ukasukuma wenzo, ukaondoka kimya.

Shida ilikuwa kulilisha. Betri hukubali umeme unaokwenda upande mmoja tu. Kituo cha kwanza cha Thomas Edison pale Pearl Street, New York, kilichoanza kazi mwaka 1882, kiliuza umeme wa namna hiyo, lakini haukuweza kusafiri mbali. Ulioshinda ni ule unaogeuza mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, kwa sababu transfoma inaweza kuupandisha nguvu, ukasafirishwa, kisha ukashushwa. Mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika mji wa Buffalo kwa njia hiyo. Basi nyumba nyingi zikajikuta na umeme ukutani ambao betri ya gari haiwezi kuunywa.

Dawa yake ilitoka kwa Peter Cooper Hewitt, mvumbuzi wa New York, mwaka 1902. Chukua chupa kubwa ya kioo, nyonya hewa yote, acha kidimbwi cha zebaki chini. Umeme ukipita kwenye mvuke wa zebaki hukubali kwenda upande mmoja, ukirudi hukataliwa. Chupa ikiwa kazini hutoa mwanga wa bluu unaochezacheza. Kampuni ya General Electric iliufunga uvumbuzi huo kwenye mitambo ya gereji, na ndio mtambo anaoutumia yule mama pichani. Hebu fikiria jirani anayepita usiku wa manane akaona dirisha la gereji linameta bluu, na ndani hakuna mtu. Huku kwetu pangehitajika maelezo.

Kazi ya ile chupa leo inafanywa na kifaa kidogo kilichofichwa ndani ya gari lenyewe. Kile kiboksi kinachofungwa ukutani, ambacho wauzaji wanakiita chaja, kwa kweli si chaja. Ni swichi yenye akili. Huliuliza gari kama waya umekaa sawasawa, hukagua kama kuna waya wa ardhini, huliambia kiasi cha umeme kinachoruhusiwa, kisha ndipo hufungulia. Nilipolielewa hilo nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba bawabu aliyekuwa akimwogopa ni bawabu tu, mwenye mali yuko ndani.

Waliolipenda sana gari la umeme zama zile ni wenye kampuni za kufua umeme. Mzigo wao mkubwa ulikuwa taa za jioni. Watu wakizima taa wakalala, mashine zilibaki hazina kazi, na mkopo wa mashine haulali. Betri inayokula taratibu hadi alfajiri ilikuwa mteja wa ndoto zao. Mawazo hayo hayajafa. Kenya mwaka 2023 iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, na saa za usiku zikapewa nafuu.

Lakini mteja huyo alikuwa nani? Kampuni iliyotengeneza Detroit Electric, iliyoanza magari hayo mwaka 1907, iliyauza kwa dola elfu mbili na zaidi. Model T ya Henry Ford ilipotoka mwaka 1908 iliuzwa kwa dola 850 hivi. Na hata ungepata hizo elfu mbili, nyumba nyingi za Marekani wakati ule hazikuwa na umeme kabisa. Aliyechaji gari nyumbani alikuwa na mambo matatu kwa pamoja: gari ghali, waya uliofika nyumbani, na jengo la kulilaza gari humo. Kwa hiyo matangazo ya biashara yaliwalenga wanawake wa matajiri wa mjini. Safi, kimya, halina hendeli.

Mmoja wao alikuwa Clara Ford, mke wa Henry. Mumewe alikuwa akiijaza dunia magari ya petroli, yeye akiendesha Detroit Electric ya mwaka 1914. Makazi yao ya Fair Lane, Dearborn, yalikuwa na nyumba ya mitambo iliyofua umeme kwa maji ya mto Rouge. Jiwe lake la msingi liliwekwa na Edison mwenyewe, na gereji ilikuwa katika jengo hilohilo. Yaani mke wa mtu aliyeliua gari la umeme kwa bei ya gari lake alikuwa na mto mzima wa kumchajia lake.

Nimesema Ford aliliua. Vitabu vingi husema hivyo, na huongeza stata ya umeme ya Charles Kettering iliyowekwa kwenye Cadillac za mwaka 1912. Hendeli iliondoka, na hoja kubwa ya gari la umeme ikaondoka nayo. Husema pia betri zilikuwa nzito na hazikufika mbali. Yote kweli. Kufikia mwaka 1925 Model T ilishuka hadi dola 260, na hakuna mtengenezaji wa betri aliyeweza kushindana na bei hiyo. Lakini kuna jambo ambalo naona linapitwa haraka mno. Petroli ilikubali kuuzwa kwenye debe, katika duka lolote la kijijini, karibu na sabuni na misumari. Mkulima asiye na waya aliweza kuinunua. Mpangaji asiye na gereji pia. Petroli haikumuuliza mtu anaishi wapi, wakati umeme wa gari lilikuwa swali lake la kwanza. Ndiyo maana, kwangu, historia ya kuchaji gari nyumbani ni historia ya nyumba kabla haijawa ya gari.

Kuna waliojaribu kulikwepa swali hilo. Kampuni ya umeme ya mji wa Hartford, Connecticut, ilianza kabla ya vita kutoa huduma ya kubadilishana betri, na ikaendelea nayo hadi miaka ya 1920. Mfanyabiashara alinunua lori bila betri. Alilipa ada ya kila mwezi na kiasi fulani kwa kila maili, na betri ikiisha alipewa iliyojaa. Ukiwa Kigali au Nairobi leo ukamwona mwendesha bodaboda anashusha betri kituoni na kupandisha nyingine, usidhani mtindo huo ni wa jana.

Nayasoma haya yote nikiwa mpangaji, Dar es Salaam, katika nyumba yenye vyumba sita na LUKU moja. Kwa upande wa waya, sisi tumejaliwa kuliko Wamarekani. Soketi yao ya kawaida hutoa volti 120, yetu 230. Nissan Leaf ya mwanzo, yenye betri ya uniti 24, ikichomekwa kwenye soketi yetu ya matundu matatu kwa ampia 10, inajaa kwa saa kumi na moja hivi. Unachomeka jioni, unachomoa asubuhi. Kinachokosekana ni pa kuliegesha, na mtu wa kukubaliana naye kuhusu mita.

Mwaka jana jirani yangu wa chumba cha nne, bodaboda, alipata pikipiki ya umeme. Betri yake ya uniti mbili na nusu hivi hutoka, hivyo aliingia nayo chumbani kila usiku kama mtu aliyebeba mtoto. Wiki ya pili mama mwenye nyumba akatuita uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani anakula umeme wangu?"

Jirani akaeleza kwa adabu. Alikuwa tayari kuongeza mchango wake. Mama akafungua daftari. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kustaafu, na hesabu aliyotupigia siwezi kuisahau. Nyumba yetu ilikuwa kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, ambalo hulipa bei ya chini. Betri ya uniti mbili na nusu, usiku 30, ni uniti 75 kamili.

"Pikipiki yako, mwanangu, ni nyumba nyingine nzima," akasema. "Hata ukilipa ulichokula, sisi sote tunapandishiwa bei. Utawalipia na hawa?"

Hakuna aliyemjibu. Mpangaji wa chumba cha pili, anayeuza juisi na mwenye friji, akatazama chini. Nilitaka kusema kitu kuhusu mita ndogo ya kujitegemea, nikaisema, na mama akauliza nani ataigharamia, na kama mpangaji akihama ataing'oa aende nayo.

Jirani alipata suluhisho lake siku tatu baadaye, kwa fundi wa kuchomelea mageti aliye mtaa wa pili. Yule fundi ana mita yake ya biashara, na mashine zake huzimwa jua likizama. Betri inalala kwake kwa malipo ya kila usiku, na siku hizi hailali peke yake. Mara ya mwisho nilipopita nilihesabu saba, zimepangwa ukutani, kila moja imeandikwa kwa chaki jina la mwenyewe.