Anachokula mjamzito na ngozi ya mtoto: yapi ya kweli, yapi ya kuogopa

Mtoto mchanga akitoka vipele, wa kwanza kuulizwa ni mama yake: "Ulipokuwa na mimba ulikula nini?" Mmoja atasema ni pilipili, mwingine mayai, mwingine samaki. Mjamzito anayesikia hayo kila siku huanza kuacha chakula kimoja baada ya kingine, hadi sahani inabaki ugali na mchuzi wa mboga.

Katika makala hii tunaeleza uhusiano uliopo kati ya chakula cha mjamzito na ngozi ya mtoto. Tuseme mapema: vipele vingi vya wiki za mwanzo havitokani na alichokula mama. Chakula hicho kina kazi nyingine, kubwa zaidi, na mama anayekiacha kwa kuogopa vipele anamnyima mtoto vitu anavyovihitaji kweli.

Ngozi ya mtoto inajengwa lini?

Inaanza mapema sana. Katika wiki za kwanza za mimba, tabaka moja la chembe hai ndilo linalotoa ngozi, ubongo na uti wa mgongo. Mfereji wa uti wa mgongo hufunga kabla wiki ya nne haijaisha tangu mimba kutunga, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kama ni wajawazito. Usipofunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi: sehemu ya mgongo haikufungwa, na mara nyingi hata ngozi ya hapo haikuufunika. Asidi ya foliki hupunguza sana hatari hiyo. Ndiyo maana mwanamke anayepanga kubeba mimba hushauriwa kuanza kuitumia kabla.

Miezi mitatu ya mwisho nayo ina kazi yake. Wakati huo mafuta hujengeka chini ya ngozi. Ndiyo yanayomfanya mtoto awe na mwili ulioshiba na kumsaidia kutunza joto. Ngozi yenyewe hukomaa na kuwa ngumu kiasi cha kuzuia maji yasipotee na vijidudu visiingie.

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, anaweza kutoka kabla kazi hiyo haijaisha. Ngozi yake ni nyembamba, hupoteza joto haraka na maambukizi hupita kwa urahisi. Aliyetimiza miezi lakini hakupata lishe ya kutosha tumboni anaweza kuzaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, mwembamba, ngozi imelegea na kukunjamana. Hapo ndipo lishe ya mama inapoonekana kwenye ngozi ya mtoto.

Vyakula vinavyojenga

Si lazima viwe vya bei kubwa. Kinachotakiwa ni mchanganyiko.

- Maharage, kunde, choroko, njegere, mayai, dagaa, samaki, maziwa na nyama hutoa protini, ambayo ndiyo malighafi ya mwili wa mtoto, ngozi ikiwemo. Dagaa na nyama huongeza pia madini ya chuma na zinki.
- Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga yana asidi ya foliki na madini ya chuma.
- Viazi lishe vya rangi ya chungwa, boga, karoti, maembe na mapapai hutoa vitamini A. Mafuta kidogo kwenye mboga husaidia mwili kuichukua.
- Machungwa, mapera, malimao na ubuyu husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharage. Kula tunda pamoja na mlo. Chai na kahawa huzuia madini hayo, hivyo zinywe saa moja au mbili baada ya kula.

Maini yana madini ya chuma kwa wingi, lakini yana vitamini A nyingi mno, na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Yasiwe chakula cha kila siku. Kwa sababu hiyo hiyo, usinunue vidonge vya vitamini A dukani bila ushauri wa kliniki.

Hata mlo mzuri mara nyingi hautoshelezi madini ya chuma ya ujauzito. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki. Ndivyo vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki. Vikikuletea kichefuchefu, vimeze usiku baada ya kula, na mweleze muuguzi badala ya kuviacha. Choo kuwa cheusi ni kawaida unapovitumia.

Jambo lingine ni unga. Nchini Tanzania, unga wa viwanda vikubwa unatakiwa kuongezwa virutubishi, asidi ya foliki ikiwemo. Unga unaosagwa kwenye mashine ya kijijini kwa kawaida haujaongezwa kitu. Familia inayokula unga wa mashine ina sababu zaidi ya kutovikosa vidonge.

Udongo, ule unaouzwa sokoni kwa jina la pemba, hauongezi damu. Huzuia madini ya chuma yasifyonzwe, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo au madini ya risasi. Hamu ya kuula mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Ukiipata, omba upimwe wekundu wa damu.

Je, mayai, samaki na pilipili huleta vipele?

Yai haliwezi kumfanya mtoto azaliwe bila nywele. Pilipili inaweza kumletea mama kiungulia, lakini haifiki tumboni kwa mtoto ikamchoma ngozi. Samaki waliopikwa vizuri ni miongoni mwa vyakula bora kwa mjamzito.

Ule utando mweupe mzito anaozaliwa nao mtoto nao si uchafu, wala hautokani na tendo la ndoa. Mwili wa mtoto mwenyewe huutengeneza ili kuilinda ngozi ndani ya maji ya uzazi.

Hata wataalamu waliwahi kuamini kwamba kuacha vyakula kungesaidia. Mwaka 1998 Uingereza ilishauri wajawazito wenye historia ya mzio katika familia waepuke karanga. Mwaka 2009 ushauri huo uliondolewa, kwa kuwa ushahidi haukuonyesha kwamba unamkinga mtoto. Pumu ya ngozi, ile inayokausha ngozi na kuwasha kwa muda mrefu, hutegemea zaidi urithi wa familia na jinsi ngozi yenyewe ilivyo. Mama aachane na chakula ikiwa tu chakula hicho kinamdhuru yeye mwenyewe, au mganga wa zahanati amemshauri hivyo.

Vipele ambavyo kwa kawaida huondoka vyenyewe

- Vidoa vyekundu vyenye kichwa kidogo, vinavyotokea siku chache baada ya kuzaliwa na kuhamahama mwilini. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri.
- Vipunje vyeupe puani na mashavuni.
- Harara ya joto shingoni na kwapani. Mpunguzie nguo.
- Ngozi kubambuka kidogo wiki ya kwanza.
- Mabaka ya bluu au kijivu kiunoni na matakoni. Hayaumi, wala hayatokani na kupigwa.

Usivikamue, usivisugue, wala usipake dawa ya meno, majivu au krimu usiyoijua. Subiri angalau saa 24 kabla ya kumwogesha mtoto mara ya kwanza. Akizaliwa, mkausheni na kumlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo ukiona:

- Umanjano ndani ya saa 24 za kwanza, au uliofika kwenye viganja na nyayo. Mwangalie mchana kwenye mwanga, kwenye weupe wa macho na fizi. Usisubiri jua limponye.
- Vipele vyenye usaha au malengelenge. Vingine havina madhara, lakini nyumbani ni vigumu kuvitofautisha.
- Wekundu, uvimbe, usaha au harufu mbaya kitovuni.
- Mwili wa moto au wa baridi kuliko kawaida, au midomo kuwa ya bluu.
- Kipele chochote kinachoambatana na mtoto kukataa kunyonya, kulegea au kupumua kwa shida.

Malengelenge kwenye viganja na nyayo tangu kuzaliwa yanaweza kuwa dalili ya kaswende iliyotoka kwa mama. Ugonjwa huu hugunduliwa kwa kipimo cha damu kliniki na hutibika wakati wa ujauzito. Baba naye apimwe na kutibiwa, la sivyo mama ataambukizwa tena.

Kwa familia nzima

Anza kliniki mara tu unapojua una mimba, ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio yasiyopungua manane. Acha mkorogo na krimu za kung'arisha ngozi, kwa sababu baadhi zina zebaki, ambayo hupita kwenye ngozi ya mama na kumfikia mtoto.

Akina baba, mama wakwe na mashangazi, sahani ya mjamzito iko mikononi mwenu pia. Kuku wakitaga, mayai yasiende yote sokoni. Dagaa wakipikwa, naye apakuliwe vya kutosha. Na mtoto akitoka vipele, tusianze kwa kumuuliza mama alikula nini. Tuanze na maswali haya: Je, ananyonya vizuri? Ana joto? Ana umanjano au usaha? Majibu yake ndiyo yatakayowaambia kama mnaweza kusubiri au mwondoke sasa hivi kwenda zahanati.