Posho Njiani, Malipo Pwani: Msafara wa Livingstone Ulipokatika

Anayefika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kulitazama tembe alimokaa David Livingstone, aghalabu husimuliwa kisa kilekile: watumishi waaminifu walimpenda bwana wao hata wakaubeba mwili wake miezi tisa mpaka pwani. Kisa hicho kimekaa vitabuni kwa karne moja na nusu, na hakuna sababu ya kukataa kwamba mapenzi yalikuwapo. Tatizo lake ni kwamba kinawageuza mafundi wa safari kuwa watoto wa nyumbani. Wale walikuwa watu wa kazi, na kazi yao ilikuwa na kanuni kuhusu jambo ambalo kila msafiri hulihofia, yaani safari kukatika kabla ya mwisho wake.

Njia yenyewe haihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa makala hii. Ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo na Mgunda Mkali, ikaingia Unyanyembe, nchi iliyozunguka Tabora, kupitia Tura, Rubuga na Kigwa, jirani na Goweko ya leo. Wanyamwezi waliijua kabla ya Waarabu. Pembe ziliteremka, nguo na shanga zikapanda, na kila mpagazi alijitwisha mzigo wa karibu frasila mbili. Mengine yamekwisha kuandikwa mara nyingi.

Yasiyoandikwa vya kutosha ni mapatano. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi wa Tanganyika, ameonyesha kwamba hawa walikuwa vibarua wa mshahara wenye desturi zao, na waliweza kugoma pale desturi hizo zilipovunjwa. Kwa kawaida Mnyamwezi alipatana kwa safari nzima, iwe ndefu au fupi. Mwungwana wa pwani alihesabu miezi, akichukua sehemu ya mshahara mapema na kungoja salio lake atakaporudi. Wote walidai posho, kibaba cha nafaka kwa siku au nguo ya kukinunulia, na posho haikukoma kwa sababu tu msafara umesimama.

Ukiishika kanuni hiyo, lile neno "walitoroka", linalojaa katika vitabu vya Wazungu, linapungua uzito. Msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, na wapagazi wake wakatawanyika. Yeye mwenyewe aliandika kwamba misafara yote huvunjika hapo. Mnyamwezi aliyepatana kutoka pwani hadi Unyanyembe alikuwa amekwisha kufika kwao, na mzigo wake ulikuwa umefika. Aliyetaka kuendelea mpaka Ujiji ilimpasa apatane upya. Burton alikaa zaidi ya mwezi akinung'unika, na wanahistoria kadhaa wamenung'unika pamoja naye. Sioni haja ya kuwafuata.

Kisa cha Burton kina mwisho unaofaa kukumbukwa. Aliporudi Zanzibar mwaka 1859 alikataa kuwapa Said bin Salim, aliyeongoza msafara, na baadhi ya watu wengine bakshishi waliyosema waliahidiwa na Hamerton, balozi wa Uingereza pale Zanzibar, ambaye alifariki mara tu msafara ulipoanza. Burton alijitetea kwamba walikwisha kulipwa mapema na kwamba mwenendo wao haukustahili zawadi. Balozi mpya, Christopher Rigby, aliwasikiliza wenye madai na kuandika Bombay, na Burton akapata lawama rasmi za serikali. Waandishi wa maisha yake hupenda kulieleza jambo hili kama chuki ya Rigby. Huenda chuki ilikuwapo, lakini deni nalo lilikuwapo. Tangu siku hiyo watu wa misafara pale Zanzibar walikuwa na mfano: aliyetoa ahadi akifa, ahadi haifi naye, mradi ajitokeze wa kuishuhudia.

Mfano wa pili ulikuwa mchungu zaidi. Mwaka 1866 Musa na wenzake kutoka Nzwani walimwacha Livingstone karibu na Ziwa Nyasa, wakarudi Zanzibar na habari kwamba ameuawa. Mwaka uliofuata E. D. Young alitumwa kuchunguza, na uongo ukafichuka. Kuanzia hapo, mtu yeyote ambaye angerudi pwani akisema mzungu amekufa angeulizwa swali moja tu: ushahidi uko wapi?

Tuje sasa kwenye msafara wenyewe. Livingstone aliondoka Kwihara tarehe 25 Agosti 1872 akiwa na watu zaidi ya 50 aliotumiwa kutoka pwani na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, pamoja na wakongwe wake Susi na Chuma. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Tazama walichofanya kwanza. Kabla ya mambo mengine, makasha yalifunguliwa mbele ya wote na kila kitu kikaandikwa. Aliyeandika alikuwa Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Kisha Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, aliupasua mwili. Moyo na matumbo vikazikwa chini ya mti, na mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani na kufungwa kama mtumba. Orodha ya mali na mwili wenyewe vilikuwa ushahidi ambao Musa hakuwa nao.

Safari ya kurudi haikuwa maandamano ya mazishi. Waliugua, wakasimama kwa wiki nyingi. Katika mji wa Chawende waligombana na wenyeji, wakauteka mji kwa bunduki. Wanaotaka kuwafanya malaika huruka ukurasa huo.

Mwezi Oktoba 1873 Chuma alitangulia Kwihara na barua ya Jacob. Walisikia kwamba kuna msafara wa Waingereza umekuja kumtafuta Livingstone, wakadhani mwanawe yumo, hivyo barua ikaandikwa kwa mwana. Aliyeipokea ni Luteni Verney Lovett Cameron, kiongozi wa msafara huo. Kwangu mimi barua hii fupi ina thamani kuliko sura nzima za vitabu. Inatangaza kifo na kueleza kwamba wameubeba mwili, kwamba watu kumi wamepotea na wengine wamekufa. Kisha inasema njaa imewabana, inaomba nguo za kununulia chakula, na inauliza kama watakapoingia mjini bunduki zipigwe au zisipigwe.

Anayetafuta machozi humo hatayaona. Anayejua misafara ataona kila kitu mahali pake. Vifo vimetolewa hesabu na posho imedaiwa kwa yule aliyedhaniwa mrithi, kwa sababu mrithi hurithi na madeni. Swali la baruti nalo ni la adabu: msafara uliofika salama huingia kwa milio ya bunduki, na huu ulikuwa umefika ukiwa na maiti. Waliuliza utaratibu, kama watu wanaojua kwamba wao bado ni msafara.

Cameron alituma nguo. Kisha akashauri mwili uzikwe Unyanyembe. Wakakataa. Tafsiri ya mapenzi hutosheka hapa na kauli kwamba walitaka bwana wao alale kwao. Mimi naona na jingine: safari waliyopatana iliishia pwani, mbele ya balozi, ambako mizigo hukabidhiwa na hesabu hufungwa. Kuzika Tabora kungewaacha mikono mitupu mbele ya swali lile lililomshinda Musa. Huko Kasekera, siku chache mbele, wenyeji walikataa maiti isipite. Wapagazi wakatengeneza mzigo wa uongo, wakaurudisha kana kwamba wanakwenda kuuzika Unyanyembe, na mwili wakaufunga upya uonekane mtumba wa nguo. Ule ni ujuzi wa njia, na mapenzi peke yake yasingeufundisha.

Walifika Bagamoyo Februari 1874. Kaimu balozi Prideaux akawalipa mshahara na kuwaachia. Mwili ukasafirishwa kwa meli hadi Southampton. Kati ya watu wale wote, aliyepata nafasi melini ni Jacob peke yake, kwa gharama ya wamisionari wa Church Missionary Society (CMS). Susi na Chuma walifikishwa Uingereza baadaye, mazishi ya tarehe 18 Aprili yakiwa yamekwisha kupita, na simulizi lao likachukuliwa na Horace Waller, mhariri wa shajara za Livingstone, kwa kitabu chake cha mwaka huohuo. Shirika la Kijiografia la London likatengeneza medali zenye maneno ya kusifu uaminifu hadi mwisho, ilhali wengi wa wenye kustahili walikuwa wamekwisha kutawanyika. Shajara ya Jacob, ambayo haikupitia mkono wa Waller, ilijulikana kwa muda mrefu kwa tafsiri ya Kijerumani ya 1874 tu. Maandishi yake ya asili yalichapishwa mtandaoni mwaka 2019. Kwa hiyo aliyeandika hesabu za msafara alisubiri karibu karne na nusu kusomwa kwa maneno yake mwenyewe, huku hadithi ya Waller ikienea.

Kanuni iliyowaongoza iliwabana hata waajiri wakubwa. Cameron alipotokea Benguela mwishoni mwa 1875, upande wa pili wa bara, ilimbidi awapatie watu wake chombo cha matanga kule Luanda kiwarudishe Zanzibar. Mwaka 1877 Stanley naye alitoka mdomo wa Kongo, na watu wake wakazungushwa kwa manowari ya Industry kupitia Rasi ya Tumaini Jema, wakashuka Zanzibar tarehe 26 Novemba. Jamaa za waliokufa walilipwa mishahara ya marehemu wao. Stanley alikuwa na ukatili wake, nami simtetei, lakini alijua kwamba asiyerudisha watu wake hatapata wengine.

Kipindi cha Wajerumani nakipita upesi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, mpagazi akapoteza njia yake, na mahali pa mapatano pakachukuliwa na tiketi, lakini swali la safari kukatika likabaki. Mafuriko ya Kilosa yalipoivunja reli mwanzoni mwa 2010, abiria wa Goweko na Tabora waliokuwa wakitoka Dar es Salaam walilazimika kupanda basi hadi Dodoma ndipo wapate gari moshi. Baharini nako mambo hubishaniwa vilevile. Machi 2020 meli ya watalii Zaandam ilinyimwa bandari baada ya bandari kwa sababu ya korona, na abiria wanne wakafia humo kabla haijaruhusiwa kutia nanga Florida Aprili. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2015 inamtaka aliyeuza kifurushi cha safari chenye usafiri ndani yake amrudishe msafiri alikotoka bila kumtoza zaidi, ikiwa safari haiwezi kuendelea kama ilivyoahidiwa. Wanasheria huziona kanuni hizi kama zao la utalii wa kisasa. Chakula wakati wa kungoja, kurudishwa kwenu, hesabu kufungwa pale safari ilipoanzia: haya yote yalikuwa kanuni ya msafara ulioleta barua yake Kwihara Oktoba 1873.

Ndiyo maana napendekeza barua ya Jacob itundikwe Kwihara kwa Kiswahili, mahali mgeni atakapoisoma kabla hajaanza kusimuliwa habari za uaminifu. Jacob mwenyewe alirudi upande huu na kufia Urambo mwaka 1892, kwa hiyo hatuazimi historia ya mtu wa mbali. Na wanafunzi wetu wanaoandika kuhusu wapagazi waanze na hesabu za mishahara kabla ya kufika kwenye medali, kwa kuwa mshahara ndio walioupigania wenyewe.