Kufunzwa Usukani: Elimu ya Udereva Tangu Zama za Utingo Hata Dzaleka

Historia ya ufundi katika nchi zetu imeandikwa kwa uchache, na ufundi wa udereva ni miongoni mwa zile kazi zilizosahauliwa zaidi. Wahunzi, waunda majahazi na wachonga milango wamepata waandishi wa kuwataja. Dereva, ambaye kwa muda wa karne nzima amebeba chumvi yetu, vitabu vyetu, wagonjwa wetu na maiti zetu, hutajwa siku anapopata ajali. Ni nadra zaidi kuulizwa alifunzwa na nani. Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa ufupi, kisha kulifikisha mahali ambapo limekuwa gumu mno, yaani katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka nchini Malawi. Huko mzazi aliyekuwa dereva kwao hana hakika kama ataweza kumrithisha mwanawe kazi aliyokuja nayo mikononi.

Tuanze na lugha, maana lugha hutunza mambo ambayo vitabu vimeyaacha. Neno gari tulilipata kutoka Bara Hindi. Usukani ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo lilikuwa la mabaharia kabla ya motokaa ya kwanza kuonekana: ni ule ubao wa tezini unaokielekeza chombo. Dereva, breki, gia na klachi tulivipokea kwa Waingereza pamoja na mashine yenyewe. Lakini kitenzi, yaani kile anachokifanya mtu mwenyewe, ni chetu: kwenda, kuendesha. Jirani zetu wa Malawi wamepita njia iyo hiyo. Kwa Kichewa kuyenda ni kwenda, na kuyendetsa ni kuendesha. Gari wao huliita galimoto, na dereva ni dalaivala. Kwa hiyo kijana aliyelelewa kwa Kiswahili akifika Lilongwe hafiki ugenini kabisa; nusu ya msamiati wa kazi hii anao tayari.

Sasa tuje kwenye matukio. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, mizigo ya majeshi katika Afrika ya Mashariki ilibebwa zaidi vichwani na mabegani mwa watu. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa vita hivyo, na huko Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, wapagazi hao waliitwa tenga-tenga. Katika Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, hali ilikuwa nyingine. Vijana wengi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliingizwa jeshini, na baadhi yao wakafunzwa kuendesha malori. Walipelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma. Waliorudi walirudi na ujuzi uliokuwa adimu vijijini mwao, na jeshi likawa miongoni mwa shule za mwanzo za udereva zilizowapokea Waafrika kwa wingi.

Hata hivyo, shule iliyowafunza watu wengi haikuwa na jengo wala kengele. Ilikuwa ni utingo. Kijana, mara nyingi ambaye ndevu zilikuwa bado hazijamwota, alipokelewa na dereva wa lori kama msaidizi. Utingo, ambaye wengine humwita tandiboi, aliosha lori, akatafuta maji ya rejeta, akapakia na kupakua, akaweka jiwe au gogo nyuma ya gurudumu lori liliposimama mlimani. Usiku alilala juu ya mzigo ili kuulinda. Baada ya miezi mingi aliruhusiwa kuwasha injini. Baadaye tena alisogeza lori hatua chache uwanjani. Mwisho, njia ikiwa nyeupe na dereva akiwa amechoka, aliambiwa ashike usukani. Hakulipa ada wala hakupewa cheti. Alilipa kwa nguvu zake na kwa utii.

Haifai kuisifu shule hiyo kupita kiasi. Utingo alirithi ujuzi wa mwalimu wake na pia mazoea yake mabaya. Wengi walijua kulisikiliza gari kwa sikio lakini hawakujua maana ya alama za barabarani. Wengine walifika mbali bila leseni, na wenye kuilipia kasoro hiyo walikuwa abiria. Ndiyo sababu serikali zetu zilianzisha vyuo. Nchini Tanzania Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilianza Dar es Salaam mwaka 1975. Lakini vyuo havikuufuta utingo, maana yapo mambo ambayo njia pekee huyafunza.

Mfano mkubwa ni njia ya Zambia. Mnamo tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia ikajikuta imekatiwa njia yake ya kusini. Mafuta yakalazimika kupita Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, katika mapipa yaliyobebwa na malori, juu ya barabara ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Ajali zilikuwa nyingi hata njia ile ikapewa jina la Jehanamu. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Katika miaka ya 1980 Malawi nayo ilipatwa na shida kama hiyo. Vita vya Msumbiji vilizifunga reli zake za kwenda bandari za Beira na Nacala, na shehena yake ikaanza kutafuta njia ya kaskazini, kupitia Karonga na Mbeya hadi Dar es Salaam. Tangu hapo barabara itokayo Lilongwe, mji uliofanywa makao makuu mwaka 1975, hadi mpaka wa Songwe imekuwa pia njia ya Kiswahili.

Ni kwa njia hiyo ya kaskazini wengi wa wakazi wa Dzaleka waliingia Malawi. Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya Lilongwe. Zama za utawala wa Rais Hastings Kamuzu Banda palikuwa gereza lililowafunga pia wapinzani wa kisiasa, na jina lenyewe hufasiriwa kuwa ni kiapo cha mfungwa: sitarudia tena. Mwaka 1994 pakafanywa makazi ya wakimbizi. Palikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamepita 50,000. Wengi wao ni Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, pamoja na Waethiopia na Wasomali. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao sokoni na katika nyumba za ibada. Tangu 2014 hufanyika huko tamasha la sanaa liitwalo Tumaini, ambalo huwavuta watu wa Lilongwe kuja makazini kwa mabasi na magari yao.

Hapa msomaji na atazame jambo moja ambalo halijatajwa vya kutosha. Kongo, Rwanda na Burundi zilitawaliwa na Ubelgiji, na magari yake hupita upande wa kulia wa barabara. Ethiopia ilihamia upande wa kulia mwaka 1964, na Somalia pia hupita kulia. Malawi, kama Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia, ilirithi kwa Waingereza upande wa kushoto. Maana yake ni kwamba mataifa yote matano yenye watu wengi Dzaleka ni ya upande wa kulia, nayo yamekuja kukaa katika nchi ya upande wa kushoto.

Hili si jambo dogo. Sweden ilipohama kutoka kushoto kwenda kulia, tarehe 3 Septemba 1967, taifa zima liliandaliwa kwa matangazo ya muda mrefu, alama zikabadilishwa, na magari yakasimamishwa ili yahamie upande wa pili kwa utaratibu. Mkimbizi hubadilika peke yake, bila tangazo, na mara nyingi bila mtu wa kumwambia. Tuseme kuna baba, wa kubuni lakini si wa ajabu, aliyekuwa shofere kati ya Bukavu na Uvira, ambaye kila wiki aliteremka milima ya Ngomo kwa gia ndogo. Mikono yake inajua mambo mengi: kutotegemea breki kwenye mteremko, kupiga honi kwenye kona isiyoona mbele, kusikia injini inapolalamika. Lakini jicho lake limezoea kutazama kwanza upande ambao hapa si wa kwanza. Akitaka kumfunza binti yake au kijana wake wa kiume, hana budi kwanza ajifunze upya yeye mwenyewe, ili asimrithishe mtoto zoea litakaloweza kumwua kwenye barabara kuu ya Lilongwe.

Kiswahili cha Tanzania kina neno linalofaa sana kwa somo hilo. Mzunguko wa barabara sisi huuita kipilefti, na ndani ya neno hilo la mkopo imo amri yenyewe: shika kushoto. Watu wa Bukavu na Bujumbura hutumia neno la Kifaransa lisilotaja upande wowote, na kwao magari huuzunguka mzunguko kinyume na yanavyouzunguka Lilongwe. Kadhalika, mtoto wa Dzaleka hana budi kujua kwamba kulia kwetu ni kumanja kwa Kichewa, na kushoto ni kumanzere. Maneno hayo mawili yanafanana mwanzoni, na mwanafunzi asiyesikiliza hadi mwisho huweza kukata kona isiyo yake.

Lakini kikwazo kikubwa kuliko upande wa barabara ni barabara yenyewe. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 katika mwaka 1987, ikaweka sharti la kutofungwa na baadhi ya vifungu, vikiwemo vya kazi ya mshahara na vya uhuru wa kwenda mtu atakako. Mwaka 1989 ikatunga sheria yake ya wakimbizi. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, na kuanzia mwezi wa Mei wengi walikamatwa na kurudishwa. Haki inatutaka tukumbuke pia upande wa mwenyeji. Malawi ni nchi yenye watu wengi na ardhi haba, na iliwahi kuwapokea Wamsumbiji zaidi ya milioni moja wakati wa vita vya kwao. Wananchi wake wanaotafuta kazi nao wana malalamiko yao.

Lakini swali la mzazi linabaki pale pale. Utingo ulikuwa shule kwa sababu mwanafunzi alikwenda na lori. Katika majimbo mengi ya Marekani kijana wa miaka 16 huweza kupata leseni baada ya mzazi kumfunza kwa gari la nyumbani. Kijana wa Dzaleka aghalabu hana lori la kupanda wala gari la nyumbani, na ruhusa ya kutoka si yake kuamua. Mtoto aliyezaliwa makazini mwaka 1994 amekwisha kupita miaka 30. Ikiwa katika muda huo baba hakupata nafasi ya kumfunza, ujuzi wa njia ya Ngomo utazikwa Dowa pamoja na aliyeuleta, na hakuna chuo kitakachoweza kuufufua.

Je, sisi walimu wa Kiswahili tuna la kufanya? Tunalo, maana nusu ya udereva ni elimu ya darasani, na nusu hiyo haihitaji gari, mafuta wala kibali. Alama za barabarani huchorwa ubaoni kwa chaki. Kanuni ya nani ampishe nani hufundishika kwa watoto wawili na mstari mchangani. Kumzoeza mtoto kutazama kulia kwanza anapovuka barabara ya Malawi ni somo la dakika chache, nalo humfaa leo hii akiwa mtembea kwa miguu au abiria wa kabaza, ile baiskeli au pikipiki ya kukodi, kabla hajawa dereva. Aidha, ingefaa tuwe na orodha fupi ya istilahi za barabarani kwa Kiswahili cha Afrika ya Mashariki, Kiswahili cha Kongo na Kichewa, ili shofere, dereva na dalaivala waelewane. Jumuiya ya SADC, ambayo Malawi ni mwanachama, ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Kazi kama hiyo ndiyo ingelipa azimio lile maana kwa watu wa kawaida.

Mwisho, wazee waliokuwa madereva waulizwe sasa, wangali hai, na maneno yao yaandikwe: njia walizopita, milima waliyoiogopa, namna walivyofunzwa nao walivyofunza. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, nasi tunajua kwamba aliyeona mengi asipoulizwa huondoka nayo. Kijana wa Dzaleka huenda akaruhusiwa kesho kwenda Lilongwe, au akarudi Uvira, au akapelekwa nchi ya mbali. Popote atakapofika atakuta barabara, na itamfaa awe amekwisha kuambiwa na wazee wake namna ya kuishika.