Liboi

Liboi ni mji mdogo wa mpakani katika Kaunti ya Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Ni wadi ya jimbo la Dadaab, na upo chini ya kilomita 20 kutoka Somalia. Wenyeji wake ni Wasomali, wengi wao wa ukoo wa Ogaden, wafugaji wa ngamia, mbuzi na ng'ombe.

Idadi ya watu hupanda na kushuka kufuata malisho na maji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 katika kaunti nzima, takriban 19 kwa kila kilomita ya mraba. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, maelfu ya wakimbizi waliingia Kenya kupitia hapa, na wengi wakaishia kambi za Dadaab: Ifo, Dagahaley na Hagadera.

Liboi ndiyo mwisho wa barabara ya A3, itokayo Thika kupitia Mwingi na Garissa. Kutoka Garissa hadi Dadaab ni kama kilomita 100. Mbele ya Dadaab gari hupita kwenye mchanga unaogeuka tope zito mvua ikinyesha. Malori ya bidhaa hukwama, na mgonjwa wa dharura hukwama nayo. Tangu wanajeshi wa Kenya waingie Somalia Oktoba 2011, njia hii imetegwa mabomu mara nyingi, na abiria wa kawaida wameumia pamoja na askari. Liboi inastahili lami na ulinzi wa kudumu barabarani.