Bibi Lilian Baylis na Nyumba ya Michezo ya Maskini

Mtu akenda kutazama mchezo wa kuigiza hurudi nyumbani akiwasifu wachezaji, na pengine aliyeutunga. Hakumbuki kuuliza ni nani aliyepata nyumba, ni nani aliyenunua mavazi, ni nani aliyezihesabu fedha za mlangoni usiku akaona hazitoshi kulipa mishahara. Lakini pasipo mtu huyo pazia halifunguliwi. Leo nataka kuwasimulia habari za mmoja wao, mwanamke wa Kiingereza aitwaye Lilian Baylis.

Alizaliwa London mwaka wa 1874. Wazazi wake walikuwa waimbaji, naye tangu utotoni alifundishwa kupiga fidla. Mwaka wa 1891 jamaa nzima walisafiri kwenda Afrika ya Kusini, wakazunguka mji hata mji wakiimba na kupiga vinanda. Baadaye Lilian alikaa Johannesburg akifundisha watu muziki na kucheza dansi. Hakupata elimu kubwa ya vitabu. Tulikumbuke jambo hili, maana litatufaa mbele.

Huko London alikuwa na shangazi yake, Bibi Emma Cons, mtu wa dini na mwenye huruma kwa maskini. Kusini ya mto Thames, karibu na barabara ya Waterloo, palikuwa na nyumba ya michezo iliyofunguliwa mwaka wa 1818. Tangu 1833 iliitwa kwa jina la Victoria, na watu wa mtaa wakaizoea kuiita Old Vic. Nyumba hiyo ilikuwa imechakaa, tena imejaa ulevi na ugomvi. Bibi Cons akaikodi, akaifungua upya siku ya pili ya Krismasi ya mwaka wa 1880. Pombe akaipiga marufuku, akauza kahawa, akaleta nyimbo safi na mafundisho ya elimu. Hata chuo cha watu wazima kilizaliwa humo, kiitwacho Morley College. Lilian aliporudi Uingereza mwaka wa 1897, shangazi akamwomba amsaidie, naye akawa msimamizi. Bibi Cons alipofariki mwaka wa 1912, mzigo wote ukawa juu ya mabega yake.

Basi Lilian akafanya jambo lililowashangaza wengi. Alipata ruhusa ya serikali kuonyesha michezo kamili, na mwaka wa 1914, vita vikuu vilipokuwa vimekwisha kuanza, akaanza kuonyesha michezo ya Shakespeare. Shakespeare ndiye yule ambaye Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar yake mwaka wa 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969. Wengi walidhani ya kuwa michezo hiyo ni ya mabwana wenye elimu, na kwamba wachukuzi, wauza samaki na wafuaji nguo hawataielewa. Lilian mwenyewe hakuwa msomi wa Shakespeare. Lakini aliamini kwamba kitu kilicho bora kabisa ndicho maskini anachostahili kupewa, tena kwa peni chache tu. Watu wakaja, wakajaa mpaka roshani ya juu. Watoto wa shule nao wakaletwa mchana kwa maelfu, na wengi wao hawakuwa wamepata kuona jukwaa maishani mwao.

Vita vikawachukua wanaume, wachezaji wakapungua. Bibi Sybil Thorndike, aliyekuwa bado kijana, akavaa mavazi ya kiume akacheza mwana wa mfalme, na katika mchezo mwingine akawa mchekeshaji wa mfalme. Merikebu za angani za Wadachi zilipokuja kutupa mabomu juu ya mji, mchezo uliendelea.

Fedha hazikutosha hata mara moja. Lilian alikuwa akipiga magoti ofisini mwake akimwomba Mungu fedha na wachezaji. Wasimulia pia kwamba alikuwa akikaanga soseji pembeni mwa jukwaa huku mchezo ukiendelea, harufu yake ikawafikia watazamaji katikati ya maneno ya huzuni! Jambo hilo huchekesha, lakini kuna lingine lisilochekesha. Kiingilio kilikuwa rahisi kwa sababu wachezaji walilipwa kidogo mno. Mimi naona aliyemnunulia maskini kiti chake alikuwa mchezaji mwenyewe, kwa mshahara ambao hakuupata. Wengine walinung'unika, na haki walikuwa nayo. Hata hivyo wachezaji hodari hawakuacha kuja. John Gielgud aliingia mwaka wa 1929, naye angaliweza kupata zaidi kwingineko. Lilian naye hakujitajirisha. Hilo hata waliomlaumu walilikubali.

Kufika mwaka wa 1923 nyumba yake ilikuwa imekwisha kuonyesha michezo yote 36 iliyokusanywa katika kitabu kikubwa cha Shakespeare kilichopigwa chapa mwaka wa 1623. Chuo Kikuu cha Oxford kikampa shahada ya heshima mwaka wa 1924, yeye asiyepata elimu ya vitabu.

Hakutosheka. Kaskazini ya mji kulikuwa na nyumba nyingine iliyoharibika, Sadler's Wells. Akachangisha fedha, akaijenga upya, akaifungua tarehe 6 Januari 1931. Humo opera, yaani michezo iimbwayo, ilipata makao, pamoja na baleti, ile ngoma ya Kizungu ichezwayo kwa ncha za vidole vya miguu, chini ya Bibi Ninette de Valois. Kundi lile la baleti mwaka wa 1956 lilipewa jina la kifalme. Na Uingereza ilipopata kundi lake la taifa la michezo ya kuigiza, mwaka wa 1963, lilianza kazi katika nyumba ile ile ya Old Vic.

Lilian hakuyaona hayo. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1937 alikuwa akitengeneza Macbeth, na Laurence Olivier ndiye mchezaji mkuu. Mambo hayakuwa tayari, siku ya kufungua ikaahirishwa. Tarehe 25 Lilian akafariki. Usiku wa tarehe 26 watu walikaa katika viti vyao, na pazia likafunguliwa.