Amplifaya ya Williamson: ugumu wote ndani ya transfoma

Aprili 1947 jarida la Uingereza la Wireless World lilianza kuchapisha mchoro wa amplifaya ya D. T. N. Williamson, mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya kutengeneza valvu, na haukupita muda mafundi wa nyumbani hadi Marekani na Australia wakawa wanaiunda. Ukihesabu valvu huoni wepesi wowote: ni saba, pamoja na ile ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC, kwa wati 15 tu. Wepesi wake uko kwingine. Williamson alikusanya ugumu wote ndani ya kifaa kimoja, transfoma ya spika, kisha akaeleza bayana namna ya kukisuka.

Valvu hupenda volti nyingi na mkondo mdogo. Spika, yenye omu chache, inataka kinyume chake. Transfoma ndiyo mkalimani wao, na mkalimani huyu hutangulia kwenye sauti nene mno na huchelewa kwenye nyembamba mno. Kutangulia na kuchelewa huko kuna hatari, kwa sababu Williamson alitegemea mrejesho hasi, mbinu aliyoibuni Harold Black wa Maabara ya Bell mwaka 1927: sehemu ya sauti inayotoka hurudishwa mwanzoni ikiwa imegeuzwa, ili ipunguze upotoshaji. Alirudisha desibeli 20 kutoka upande wa spika wa transfoma hadi kathodi ya valvu ya kwanza, na upotoshaji ukashuka chini ya asilimia 0.1. Ila mawimbi yakitangulia au yakichelewa kwa nusu mzunguko, kinachorudi hakizuii tena, kinachochea, na amplifaya inapiga mluzi yenyewe. Ndiyo maana mizunguko 4,400 ya waya wa upande wa valvu iligawanywa mafungu kumi, waya mnene wa spika ukipachikwa katikati ya mafungu, na karatasi nyembamba kati ya tabaka na tabaka. Kazi hiyo yataka subira kuliko akili.

Atatokea wa kusema sifa ni ya mrejesho, si ya chuma na shaba. Lakini mrejesho ulikuwa na umri wa miaka 20. Fundi wa nyumbani alichokosa ni transfoma ya kuuhimili. Mwingine atauliza kwa nini Williamson asitumie valvu moja tu ya aina ya triodi kuendesha spika, kama 2A3 ya RCA ya mwaka 1933, akaachana na mrejesho. Swali la haki. Hata hivyo, valvu moja hupitisha DC kwenye transfoma bila ya kuipinga, chuma kikashiba sumaku, hivyo kiini lazima kiwe kikubwa na kiachiwe mwanya. Valvu mbili za kupokezana, kama za Williamson, hufutiana DC hiyo. Umepunguza valvu, umeongeza chuma, na mkononi una wati tatu na nusu.

Aprili 1969, katika jarida lilelile, John Linsley Hood alichapisha amplifaya ya wati 10 yenye transista nne, akaipima kwa kuisikiliza dhidi ya ile ya Williamson. Transista haihitaji mkalimani kwa spika. Palipokuwa na transfoma aliweka kapasita.